Siku ya Tatu Mpe Jembe: Somo Kuhusu Kambi za Kimataifa za Kujitolea



Katika mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi upande wa Temeke hadi Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, si ajabu siku hizi kukuta kundi la vijana wa mataifa mbalimbali wakichanganya zege, wakizibua mtaro au wakipanda miti pamoja na vijana wa mtaa. Watoto huwafuata wakiita "Wazungu!", hata kama katika kundi hilo wamo Mjapani, Mkenya na kijana wa Kitanzania kutoka mkoa mwingine. Wanakaa wiki mbili au tatu, wanapiga picha ya pamoja, wanaagwa kwa ngoma, wanaondoka.

Wakishaondoka, sisi tunabaki na nini? Swali hili linawahusu wasomaji wetu wote. Waseminari na mafrateri huombwa wakati wa likizo au wa mafunzo ya kichungaji kuwasindikiza wageni hao au kujiunga na kambi zenyewe. Waamini nao huombwa kuwalaza wageni, kuwapikia na kufanya kazi bega kwa bega nao. Wengi tunakwenda kwa moyo mzuri bila kujiandaa. Katika somo hili tutaangalia kambi hizi zilianzaje, tutasoma sura chache za Kitabu cha Nehemia, kisha tutaona mambo ya kufanya kabla ya kambi, wakati wa kambi na baada yake. Ni vema msomaji awe na Biblia karibu.

1. Kambi hizi zilianzaje

Kambi ya kimataifa ya kujitolea ni mkusanyiko wa watu, mara nyingi vijana, wanaotoka nchi tofauti kuja kuishi pamoja mahali pamoja kwa muda mfupi na kufanya kazi ya mikono yenye faida kwa wenyeji. Hawalipwi mshahara. Kwa kawaida kila mmoja hujilipia nauli na kuchangia chakula chake. Kazi hufanyika sehemu ya siku, na muda unaobaki ni wa kujifunza lugha, mila na maisha ya wenyeji.

Mwanzo wake ni mwaka 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imemalizika, na vijiji vingi vya Ufaransa karibu na mji wa Verdun vilikuwa vifusi. Mhandisi mmoja wa Uswisi, Pierre Cérésole, alikwenda na wenzake katika kijiji cha Esnes kusaidia kukijenga upya. Kati yao walikuwamo Wajerumani, yaani watu wa taifa lililokuwa adui miaka miwili tu kabla. Walijenga vibanda vya kuishi na kutengeneza barabara. Lakini baada ya miezi michache walilazimika kuondoka, kwa sababu kuwapo kwa Wajerumani pale hakukukubalika. Kazi ilikuwa nzuri, ila kidonda cha wenyeji kilikuwa bado kibichi. Cérésole hakukata tamaa, na kutokana na juhudi zake likazaliwa shirika la Service Civil International. Mwaka 1948, chini ya UNESCO, iliundwa kamati yenye makao Paris ya kuratibu mashirika yanayoandaa kambi za namna hii duniani. Hapa kwetu, UVIKIUTA, shirika la vijana lenye makao Chamazi, limekuwa likipokea kambi hizo kwa miaka mingi.

Tuone jambo moja katika habari ya Esnes. Tangu siku ya kwanza, kambi haikuwa mradi wa matajiri kuwapa maskini. Ilikuwa njia ya maadui kushika koleo moja. Tofali lilikuwa na maana kwa sababu ya mikono iliyolibeba. Na tangu siku ya kwanza ilionekana kwamba hata wema unahitaji kupokewa na mwenye mahali.

2. Sisi na kazi ya pamoja

Kujitolea hakukuja kwetu na wageni. Wazee wetu walikuwa na ujima, na katika baadhi ya mikoa kazi ya namna hiyo huitwa msaragambo: mtu akijenga, jirani huja na panga lake, kijiji kikihitaji mfereji, kila kaya hutoa mtu. Mpaka leo msiba ukitokea Mbagala au Tegeta, hakuna anayesubiri barua ya mwaliko. Majirani, Wakristo na Waislamu, hufika na viti, sufuria na mchango.

Lakini pwani hii inakumbuka pia kazi ya pamoja ya namna nyingine. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika maeneo ya pwani, Uzaramo ikiwamo, na watu walilazimishwa kulima kwa ujira usio na maana. Chuki iliyotokana na mashamba hayo ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwa hiyo kijana wa Kijerumani anapochimba leo shimo la choo pamoja na kijana wa Kizaramo huko Chamazi, kuna historia chini ya jembe lao, hata kama wao wenyewe hawaijui. Ni vizuri waambiwe. Aliyelazimishwa na aliyejitolea wanaweza kushika jembe la aina moja, ila mmoja ni mtumwa na mwingine ni ndugu.

Mwaka 1967 ulituletea mafundisho mawili yanayofaa kusomwa pamoja. Mwezi Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, lililosisitiza kwamba taifa haliwezi kujengwa kwa kutegemea misaada na mikopo ya nje. Mwezi Machi Papa Paulo wa Sita alitoa waraka wa Populorum Progressio, juu ya maendeleo ya watu. Katika waraka huo (namba 71) anawaonya wataalamu wanaokwenda nchi nyingine kwamba watu hutambua upesi kama anayewajia ana upendo au ameleta ufundi wake tu. Azimio linamwambia mwenyeji asingoje mgeni amjengee. Waraka unamwambia mgeni asije kama bwana. Kambi nzuri huwa pale ambapo wote wawili wametii.

3. Nehemia: kambi katika Biblia

Sasa tufungue Kitabu cha Nehemia. Yerusalemu imebomoka, kuta zimeanguka, malango yameteketea. Nehemia anaishi mbali, Susa, katika ikulu ya mfalme wa Uajemi. Anaposikia habari anasali, anafunga, kisha anaomba ruhusa ya kwenda. Tutazame mambo matano.

Kwanza, alikwenda na barua (Neh 2:7-9). Nehemia alikuwa na nia njema na alikuwa amesali, lakini hata hivyo aliomba barua za mfalme kwa wakuu wa majimbo. Sala haikuondoa utaratibu.

Pili, alitazama kabla ya kusema (Neh 2:11-16). Alipofika alikaa siku tatu. Kisha aliamka usiku na watu wachache, akazunguka akikagua kuta zilizobomoka, bila kumwambia mtu mpango wake. Alipomaliza kuona kwa macho yake ndipo alipowaita wakuu na watu, nao wakakubali kwa kauli yao wenyewe kuanza kujenga. Wahenga wetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku mbili za kwanza ni za mgeni kula, kusalimia na kuona. Ya tatu anaanza kazi. Na tusikilize vizuri methali hii: jembe halichukui mgeni mwenyewe, hupewa. Anayempa ni mwenye shamba, maana ndiye anayejua palipolimwa na pasipolimwa.

Tatu, makuhani walianza (Neh 3:1). Orodha ya wajenzi inafunguliwa na Kuhani Mkuu Eliashibu na ndugu zake makuhani, waliojenga Lango la Kondoo. Hawakuja kubariki jiwe la msingi na kuondoka.

Nne, kila mtu alikuwa na sehemu yake, na wengi walijenga mbele ya nyumba zao (Neh 3:10, 23, 28-30). Walikuwapo wageni pia: watu wa Yeriko walijenga kipande chao (3:2). Alikuwapo mfua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe (3:8). Alikuwapo Shalumu na binti zake (3:12). Na Biblia haikuficha aibu: wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo kwa kazi hiyo (3:5). Watu wa Yeriko walisaidia, lakini haikusemwa kwamba walijenga mbele ya nyumba za Yerusalemu huku wenye nyumba wakiwatazama.

Tano, Nehemia hakuwalemea watu (Neh 5:14-18). Akiwa mtawala alikuwa na haki ya posho ya chakula kutoka kwa wananchi, ila hakuidai, kwa sababu mzigo wao ulikuwa tayari mzito. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (6:15).

4. Tukiri kosa letu

Hapa hatuna budi kusema yaliyotupata. Katika kambi moja ambayo baadhi yetu tulitumwa kusaidia, kazi ilikuwa kujenga vyoo vya shule. Tulifika tumevaa mashati yaliyopigwa pasi. Tulitafsiri, tuliongoza sala kabla ya chakula, tulishika orodha ya mahudhurio. Akina mama wa jumuiya walibeba maji kwa ndoo, wageni walibeba tofali, nasi tulisimama kivulini tukijiona viungo muhimu kati ya pande mbili. Siku ya tatu mama mmoja alitujia na karai la mchanga kichwani, akasema kwa upole, "Frateri, hebu nishikie hili kidogo." Tukalipokea. Hakurudi kulichukua, alikwenda kujaza lingine. Mashati hayo hayakuwa meupe tena, na tangu siku ile akina mama walianza kutuambia mambo ya mtaa ambayo hawakutuambia tulipokuwa kivulini.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tulipopita shuleni hapo mwaka uliofuata, tulikuta matundu mawili yamefungwa kwa kufuli. Jengo lilikuwa imara, ila hakuna aliyekuwa amepangiwa kulipia maji ya kusafishia, na walimu walichoka kugombana na wanafunzi juu ya usafi. Tulipouliza, mwalimu mmoja alisema hawakuwahi kuulizwa wanataka nini kwanza. Wangeulizwa, wangesema tangi la maji. Wageni waliletewa jembe na sisi tuliokuwa katikati, mwenye shamba hakuhusishwa. Hatuwezi kuwalaumu wageni. Walifanya kazi waliyopewa.

Ndiyo maana tunasema kwamba jukumu la kwanza la kambi ni la mwenyeji. Akijua anachohitaji, akianza mwenyewe na akiwa tayari kukitunza, mgeni huwa baraka. Asipojua, hata mgeni mwema huacha kufuli.

5. Kabla ya kambi

Kaeni jumuiya kwa jumuiya. Tangu maaskofu wa AMECEA walipoamua katika miaka ya 1970 kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, tunayo sehemu ambapo watu wanajuana kwa majina na shida zao. Swali liulizwe huko: kitu gani tungekifanya hata kama wageni wasingekuja? Jibu la swali hilo ndilo kazi ya kambi. Muwashirikishe na majirani wasio Wakatoliki. Mtaro unaofurika Mbagala hauchagui dini ya nyumba unayoiingia.

Fuateni utaratibu, kama Nehemia na barua zake. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji waarifiwe mapema. Kuhusu wageni, viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, hata kazi isiyolipwa. Katika vibali vya ukaazi vya Tanzania, daraja C ndilo linalowahusu watu wanaokuja kujitolea, pamoja na wanafunzi na watafiti. Parokia au shirika linalopokea liulize Ofisi ya Uhamiaji kabla mgeni hajakata tiketi.

Chagueni kazi ambayo mgeni wa wiki mbili anaweza kuifanya bila kuleta madhara. Kuchimba mtaro, kupanda miti, kufyatua tofali, kupaka rangi chini ya usimamizi wa fundi: hizo zinafaa. Kupima nyumba kwa pima maji na kusuka nondo ni kazi ya fundi, na fundi alipwe ujira wake, asiambiwe naye ajitolee ili gharama ipungue.

Kuhusu watoto, tuwe macho zaidi. Wageni wengi hupenda kwenda vituo vya yatima. Mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja akizoeshwa mgeni mpya kila mwezi anaachwa tena na tena. Desemba 2019 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa, katika azimio lake juu ya haki za mtoto, ulionya juu ya madhara ya utalii na kazi za kujitolea katika vituo vya yatima. Nasi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mgeni akarabati paa la kituo kama linavuja. Malezi yabaki kwa walezi wa kudumu. Picha ya mtoto isipigwe wala kusambazwa bila idhini ya mzazi au mlezi.

6. Wakati wa kambi

Siku mbili za kwanza ziwe za kuona na kusalimia. Wageni wapelekwe kwa wazee, wafundishwe shikamoo na maana yake, waelezwe mavazi ya heshima mtaani. Waelezwe pia saa zetu. Mwenyeji akisema kazi inaanza saa mbili asubuhi, mgeni akitafsiri neno kwa neno atafikiri ni saa nane. Wengi wameonekana wavivu kumbe walikuwa wamekosea saa tu.

Utamaduni ni wa kubadilishana, si wa kuonyesha. Ngoma ya kuaga ni nzuri, lakini mgeni hujifunza zaidi akichambua mchicha na mama mwenye nyumba, au akimwona baba akipunguza sauti ya redio adhana inaposikika. Naye aulizwe habari za kwao: wazee wanalelewaje, vijana wanasali wapi, umaskini kwao ukoje. Tukimuuliza habari za fedha tu, tumemgeuza kuwa mfuko. Yesu alipowatuma wale wanafunzi sabini na wawili (Lk 10:1-9) aliwaagiza wakae katika nyumba moja na kula wanachopewa. Mjumbe wa Injili anatumwa akiwa mhitaji wa ukarimu wa mwenyeji. Kula ugali wa watu ni sehemu ya utume.

Kwa waseminari: hati ya Kanisa juu ya malezi ya mapadre, Ratio Fundamentalis ya Desemba 2016, inataja malezi ya kiutu, kiroho, kiakili na kichungaji, yakishikamana. Kambi inayagusa yote manne. Ukichoka na jua la mchana, ukabishana na mwenzako wa taifa jingine juu ya nani aoshe masufuria, hapo ndipo unapojifahamu. Usijifiche nyuma ya kazi ya ukalimani. Shika karai kwanza, tafsiri baadaye.

Mapato na matumizi yasomwe wazi, kila wiki, mbele ya wageni na wenyeji. Kama wageni wamechangia chakula, ijulikane kiasi gani na kimetumikaje. Hakuna kinachovunja undugu upesi kama minong'ono juu ya fedha.

7. Baada ya kambi

Kabla ya ngoma ya kuaga, wekeni kikao kimoja cha kukabidhi. Nani ataufagia mtaro? Nani atamwagilia miche kiangazi? Nani atashika ufunguo, na maji yatalipwa na nani? Majina yaandikwe. Nchini mwetu tumezoea kufanya usafi Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku hiyo inaweza kuwa siku ya kuitunza kazi ya kambi. Baada ya miezi sita viongozi wa jumuiya wakaone, kisha wawaandikie wageni ukweli, hata kama ni wa aibu. Mgeni akipata habari za kweli anabaki ndugu.

Na tusiwe wenyeji tu. Kijana wetu wa Temeke naye anaweza kuwa kama mtu wa Yeriko, akajenga kipande cha ukuta usio wake. Safari ya Ulaya ni ghali na viza zake ni ngumu, tunalijua hilo. Lakini kambi si lazima ivuke bahari. Vijana wa Kinondoni wanaweza kwenda kigango cha Rufiji baada ya mafuriko, nao wakapewa jembe siku ya tatu.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya

1. Ni kazi gani katika mtaa wetu tunayoisubiri ifanywe na wageni, ilhali iko mbele ya nyumba zetu wenyewe?

2. Soma Nehemia 3:1-12. Katika orodha ile, parokia yetu inafanana zaidi na nani: makuhani, watu wa Yeriko, Shalumu na binti zake, au wakuu wa Tekoa?

3. Je, kuna mradi uliojengwa na wageni katika eneo letu ambao leo umefungwa au umeharibika? Nani aulizwe, na tuanze na hatua gani?

4. Kwa waseminari: mara ya mwisho nilipotumwa utume, nilishika nini mkononi?

Tunawaomba wanajumuiya watakaolitumia somo hili wasimalize na maswali tu. Jibu la swali la tatu lipelekwe kwa halmashauri ya parokia. Sisi tuliofunga somo hili tunarudi katika shule ile yenye kufuli, safari hii kuuliza kwanza.

Mungu azibariki kazi za mikono yetu, na mikono ya wageni wetu.